Muuguzi bingwa ni nani?

Mchuma majani chai wa Kericho au Bomet anapougua, mara nyingi wa kwanza kumhudumia ni muuguzi wa zahanati. Ugonjwa ukizidi, hupelekwa hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kericho au Longisa, ama hospitali ya misheni ya Tenwek. Huko atawakuta wauguzi wenye ujuzi wa namna mbalimbali, baadhi yao wakiwa mabingwa.

Muuguzi bingwa ni yule ambaye, baada ya kufuzu uuguzi wa kawaida, amesomea tawi moja la taaluma hiyo. Anayetaka kusomea stashahada ya uuguzi huhitaji alama ya wastani ya C katika mtihani wa KCSE, na wa shahada huhitaji C+. Akishasajiliwa, anaweza kujiunga na chuo kama vile KMTC kusomea stashahada ya juu, au kusoma shahada ya uzamili chuoni kikuu. Mwisho, ni lazima atambuliwe na Baraza la Wauguzi la Kenya, linalosimamia taaluma hiyo kwa mujibu wa Sura ya 257 ya Sheria za Kenya.

Majukumu hutofautiana. Bingwa wa wagonjwa mahututi husimamia mashine za kupumulia. Wa chumba cha upasuaji huhakikisha kwamba hakuna kitambaa wala chombo kilichosahaulika mwilini kabla ya kidonda kushonwa. Wa figo huendesha mashine za kusafisha damu. Wapo pia wa watoto wachanga, macho na afya ya akili.

Mabingwa wa tibashufaa, yaani utunzaji wa wenye maradhi yasiyotibika, wana umuhimu wa pekee Bomet, ambako saratani ya umio imekithiri. Wengi hufika hospitalini wakiwa hawawezi tena kumeza chakula. Hapo kazi ya muuguzi huyo ni kutuliza maumivu, kushauri kuhusu lishe na kuifunza familia namna ya kumtunza mgonjwa nyumbani.

Hata hivyo, bingwa huyu hachukui nafasi ya daktari. Vilevile, kukaa wadi moja kwa miaka mingi hakumfanyi mtu kuwa bingwa. Mazoea ni mwalimu mwema, lakini hayatoi cheti. Mgonjwa ana haki ya kujua sifa za anayemhudumia, nayo hospitali ina wajibu wa kumweka kila bingwa pale alikosomea.