Mwalimu wa Kengele Moja

Katika vijiji vya Rungwe na Ubena, kwa miaka mingi neno "mwalimu" halikuwa na maana ya mtu wa chaki peke yake. Kengele iliyowaita watoto darasani Jumatatu ndiyo iliyowaita wazazi wao ibadani Jumapili, na aliyeigonga ni yule yule: alifundisha kusoma, akaandaa watu wa ubatizo, akazika, akasuluhisha wagombanao.

Mambo hayo yalianza 1891. Mwaka huo makundi mawili ya wamisionari wa Kijerumani yaliingia milimani kutoka Ziwa Nyasa. Misheni ya Berlin iliongozwa na Alexander Merensky. Wamoravian walikuwa na Theodor Meyer, wakajenga kituo chao Rungwe. Wageni walikuwa wachache na vijiji vilikuwa vingi, hivyo kazi ikawaangukia vijana wenyeji waliojua kusoma na kuieleza Biblia. Misheni ya Berlin ikawafunda walimu Kidugala, upande wa Njombe, eneo lililokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi 2012.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikawapima. Waingereza walipoitwaa nchi na kuwaondoa wamisionari wa Kijerumani, shule na ibada zilibaki mikononi mwa walimu hao. Waskoti wa misheni ya Livingstonia walivuka kutoka Nyasaland kusaidia. Wajerumani walirudi katikati ya miaka ya 1920, kisha Vita vya Pili vikawaondoa tena.

Elimu ya juu ilikuwa mbali. Chuo cha theolojia cha Walutheri kilianza Lwandai, Usambara, 1947, kikahamia Makumira, karibu na Arusha, 1954. Mchungaji wa Iringa aliyetaka kusoma zaidi alilazimika kuikata nchi kutoka kusini hadi kaskazini.

Kisha kengele ikagawanyika.

Sheria ya Elimu ya 1969 ilitaifisha shule za misheni. Mwalimu akawa mtumishi wa serikali, mwinjilisti akabaki na kanisa. Kipindi cha dini hakikufutwa, ila kiliachwa kwa watu wa madhehebu, na mara nyingi kilifundishwa na mchungaji au mwinjilisti ambaye hakuwahi kusomea ualimu. Makerere, Uganda, ilikuwa na idara ya masomo ya dini, alikofundisha John Mbiti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuanzishwa na kitivo cha theolojia. Aliyetaka kuunganisha Biblia na taaluma ya ualimu hadi shahada ya uzamili hakuwa na njia fupi.

Njia ilifunguka miaka ya 1990, serikali iliporuhusu vyuo vikuu binafsi. Walutheri walianzisha Chuo Kikuu cha Tumaini, na tawi lake la Iringa likawa Chuo Kikuu cha Iringa 2013. Humo theolojia inakaa jirani na ualimu na ushauri nasaha. Mbeya, chuo cha theolojia cha Wamoravian kilikua hadi kuwa chuo kikuu, na walimu wa sekondari na wachungaji wakaanza kupishana katika korido zile zile.

Chuo hicho hakikupewa jina la Meyer wala la mmisionari mwingine wa 1891. Kinaitwa Teofilo Kisanji, jina la askofu Mtanzania wa Wamoravian wa upande wa Tabora.