Parafujo Zilizobaki Nairobi

Watu wa pwani wanasema parafujo, neno walilolipata kwa Wareno. Mafundi wengi wa Nairobi wanasema skrubu, la Kiingereza. Sisi tuliotoka Kongo tunasema visi, la Kifaransa. Kila neno lilikuja na watu walioleta chuma, na chuma nacho kilikuja na meno yake.

Mimi natengeneza vyerehani Katwe. Karibu kila wiki mama mmoja ananiletea cherehani kilichopoteza parafujo moja tu, kisha ananiuliza: mbona soko la Kisekka limejaa nati na bolti za kila aina, ila hii moja hakuna? Jibu lake ni refu, na linaanzia kwenye reli.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani, Kisumu ya leo, mwaka 1901. Waingereza walikuwa na meno yao, ya Joseph Whitworth. Kabla yake kila kiwanda kilikata parafujo kivyake, hata nati ya kiwanda hiki haikuingia kwenye bolti ya jirani. Mwaka 1841 Whitworth akapendekeza kipimo kimoja kwa wote: pembe ya jino digrii 55, ncha ya mviringo. Marekani nako, William Sellers wa Philadelphia akaleta chake mwaka 1864: digrii 60, ncha bapa. Na mwaka 1898 mkutano wa Zurich ukapitisha meno ya milimita, ambayo ndiyo yamejaa madukani leo.

Sasa angalia. Mwaka 1897 wenye viwanda Uingereza waligombana na mafundi wao hadi wakawafungia nje, na kazi ikachelewa. Reli huku ilikuwa inangoja injini. Basi wakanunua nyingine kwa Baldwin, kiwanda cha Philadelphia, mji uleule wa Sellers. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa inchi, ya Sellers ina 13. Kwa macho ni mapacha. Ukiifunga nati ya huyu kwenye bolti ya yule, inazunguka mara mbili tatu, kisha inakwama, na ukilazimisha umeziua zote mbili. Ndiyo maana nawaheshimu sana wale mafundi, Wahindi na Waafrika, waliokuwa wakikereza chuma katika karakana ya reli Nairobi. Vitabu vinasimulia simba wa Tsavo kila siku, lakini treni haikuendeshwa na simba.

Treni ilifika Kampala mwaka 1931. Karakana kubwa ikabaki Nairobi, na haikumsumbua mtu, maana reli ilikuwa moja. Kuanzia 1948 Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja la reli na bandari. Injini ikiumwa Kampala, inavutwa hadi Nairobi, inapona, inarudi. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Uganda ikapata shirika lake na sehemu yake ya injini, lakini karakana kubwa, na mashine zake za kukereza, ikawa upande wa pili wa Malaba, katika nchi nyingine. Injini inavuka mpaka kwa siku moja. Karakana haivuki. Ndugu zangu mliofika hapa na diploma bila shule iliyoitoa, nadhani hamhitaji nieleze zaidi. Baadaye Uganda ilijijengea karakana yake Nalukolongo, na dizeli zake zilikuwa za Henschel, kutoka Ujerumani: milimita tena, baada ya miaka mingi ya inchi.

Kwetu Kongo ilikuwa hivyohivyo. Reli ya Kabalo hadi Kalemie, iliyofika ziwani mwaka 1915, ilikuwa na upana wa milimita 1,000, wakati zile za Katanga zilikuwa na 1,067. Tofauti haifiki upana wa kiganja. Ila mpaka walipoipanua miaka ya 1950, behewa la huku halikuweza kwenda kule.

Turudi kwa mama wa cherehani. Singer nao walikuwa na meno yao wenyewe, ya inchi, wala si ya Whitworth. Moja wanayoitumia sana ina unene wa 11/64 ya inchi, meno 40 kwa inchi. Kwa milimita ni kama 4.4, yaani katikati ya 4 na 5, ambazo ndizo utakazopewa dukani. Ya 4 inacheza, ya 5 haiingii. Fundi mwenye haraka anasukuma ya 5 kwa nguvu, tundu linaharibika, na sare za shule zinasubiri nyumbani kwa mama wa watu mwezi wa kwanza huo, wakati ndiyo kazi ya kumlipia kodi.

Habari njema ni kwamba vyerehani vingi vya Kichina na vya Kijapani vilifuata meno hayohayo. Kwa hiyo usiende duka la vifaa vya ujenzi. Tafuta mwenye vyerehani vilivyokufa, Katwe au Kisenyi, umfungulie mwenyewe, na uende na parafujo yako ya zamani, hata kama imebaki nusu. Ukiwa umeipoteza kabisa, fungua ya jirani yake kwenye cherehani chako, uone kama ni sawa, uende na hiyo. Iingize kwa vidole kwanza, bila bisibisi. Ikizunguka mara tano bila kugoma, anza kupatana bei.