Nani Atangulie?
SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Ni Januari 1979. Vita vimevuka mpaka, na lori la kwanza la majeruhi kutoka Mutukula limeingia hospitali ya mkoa, Bukoba. Muuguzi Kokugonza, mchumba wa Luteni Masatu, anashika pindo la blanketi kwenye machela ya pili...

SASA ENDELEA

Hakuwa Masatu.

Alikuwa kijana ambaye hata ndevu hazijaota sawasawa, kavaa magwanda ya jeshi la Amin, tumbo limezungushiwa shuka lililokwisha kulowa damu. Wauguzi wawili waliokuwa nyuma ya Koku walirudi hatua moja. Ni nani angewalaumu? Tangu mwisho wa Oktoba, jeshi lile lilipoingia na Amin akatangaza kwamba mpaka mpya ni Mto Kagera, walikuwa wakiwapokea watu wa Missenyi: waliochomewa nyumba, waliopigwa risasi migombani, kina mama waliojifungua wakitafuta mtumbwi baada ya daraja la Kyaka kulipuliwa.

Ma Yustina, mama yake Koku, hakuwamo. Majirani walimwona mara ya mwisho akiswagwa pamoja na ng'ombe kuelekea mpakani. Miezi miwili na ushei, kimya.

"Maji," kijana alisema kwa Kiganda.

Koku alimwelewa. Watu wa Missenyi walikuwa wakioleana na wa ng'ambo kabla Mjerumani na Mwingereza hawajachora mstari wao. Lakini mwenye jeraha la tumbo hanyweshwi. Alichovya shashi kwenye bakuli, akaikamua, akamlowesha midomo. Kisha akamfunga kipimo mkononi: presha 80 kwa 50. Alipomgusa tumbo, lilikuwa gumu kama ubao. Huyu alikuwa akivuja damu kwa ndani.

"Koku!" Matroni aliita kutoka mlangoni. "Leta dripu nyingine!"

Kijana akafumbua macho. "Koku? Koku wa Bihogo?"

Bihogo alikuwa ng'ombe mwekundu wa Ma Yustina. Mama hakumkamua hata siku moja bila kumwimbia kwanza, na katika wimbo ule alitaja watoto wake mmoja mmoja, Koku akiwa wa mwisho. Hakuna askari aliyeweza kulijua jina hilo isipokuwa amekaa karibu na mama na kumsikia akiimba.

"Bikizee yule yu hai," kijana alinong'ona. "Mimi nilikuwa nawalinda. Walipitishwa Sanje, halafu wakapelekwa..."

"Wapi? Walipelekwa wapi?"

Macho yake yaligeuka, yakabaki meupe.

Nje, lori la pili lilifunga breki. Koku alisikia sauti ya Masatu kabla hajamwona. Alikuwa akiwaambia wabebaji wawatangulize vijana wake. Walipomshusha, Koku aliona kwanza kipaji cha uso: herufi T iliyoandikwa kwa wino, na chini yake, saa 5:20. Hiyo ndiyo saa aliyofungwa mkanda wa kuzuia damu juu ya goti, baada ya chuma cha kombora kumchana mguu. Sasa saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa alasiri.

"Nilisema ningerudi," Masatu alisema, akijaribu kutabasamu.

"Nyamaza, usijichoshe." Alimpima. Presha 110 kwa 70. Alibonyeza kidole gumba cha mguu. Kilikuwa cha baridi, rangi haikurudi.

Daktari alikuwa mmoja, na meza ya upasuaji moja. Alitoka akivua glovu zenye damu. "Sista, wewe ndiye uliyewapima. Nani atangulie?"

Koku alijua jibu. Matroni alilifundisha tangu siku ya kwanza: uhai kwanza, kiungo baadaye, na magwanda hayapimwi. Mwenye tumbo akisubiri, atakufa. Mwenye mguu akisubiri, ataishi, ila huenda akaishi na mguu mmoja. Masatu, aliyetoka Ukerewe na kumwahidi nyumba ufukweni na shamba la kulima kwa mikono yao wenyewe.

Kilichomtesa si jibu, bali moyo uliokuwa ukilitaka jibu hilohilo kwa sababu nyingine. Kijana akifa, habari za Ma Yustina zinakufa naye. Je, alikuwa akitimiza wajibu wa muuguzi, au alikuwa akiununua uhai wa mama kwa mguu wa mchumba? Alitafuta ndani yake mahali pa kutenganisha mambo hayo mawili, asipaone.

"Mwenye tumbo, daktari," alisema, na sauti haikutetemeka. "Huyu hapa."

Walipoanza kuisukuma machela, koplo aliyemsindikiza Masatu tangu Kyaka alisimama mlangoni.

"Sista, umekosea. Huyo ni adui. Anayetangulia ni afande."

"Hapa ndani hakuna adui. Tupishe."

Koplo akakoki bunduki, mtutu ukaelekea kifuani mwa kijana. Wodi nzima ilinyamaza. Matroni alipiga hatua mbele, akasita.

"Koplo," Masatu aliita.

"Naam, afande."

"Nipe hiyo bunduki."

Koplo aliitoa bila kubisha. Masatu aliipokea, akajiinua kwa kiwiko, jasho likimtiririka. Akamtazama Koku, kisha akamtazama kijana yule kwa muda mrefu, kama mtu anayeikumbuka sura.

"Kumbe ni wewe," alisema polepole.

Na kidole chake kikaingia kwenye kifyatulio.

ITAENDELEA WIKI IJAYO