Dishi la Nyumbani Linaangalia Wapi? Historia Iliyojificha Juu ya Bati

Wadau, Desemba mkifika Bukoba na kuendelea ndani mpaka Izimbya, wekeni simu mfukoni dakika mbili muangalie mapaa. Juu ya bati, katikati ya migomba, kuna historia ambayo hakuna aliyekaa chini kuiandika. Dishi kubwa linaloangalia mashariki, kuelekea Ziwa Victoria, mara nyingi ni la zamani. Lililolala chali likikodolea mawingu limekuja baadaye. Lile dogo linaloangalia magharibi, upande wa Karagwe na Rwanda, ni la juzi juzi. Si bahati wala mapenzi ya fundi.

Twende nyuma kidogo. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tukakaa gizani mpaka 1994, ITV na wenzake walipoanza kurusha. Hata hapo mnara ulikuwa Dar, na Kagera ni mwisho wa nchi. Simba na Yanga mtu wa Izimbya aliisikia kwa redio, akachora goli kichwani mwake mwenyewe.

Aliyetaka picha alilazimika kuitoa angani. Satelaiti zilizotufaa miaka ile, za Intelsat na PanAmSat, zilikaa juu ya Bahari ya Hindi. Ndiyo maana dishi likaangalia mashariki. Mawimbi ya masafa ya C yalifika yakiwa dhaifu, hivyo yakahitaji dishi la futi sita, nane, hata zaidi. Wazee wengine waliliita ungo, na katika nchi ambayo ungo ni usafiri wa wachawi, fikiria utani ulioendelea pale kijijini! Lilikuwa kitu cha mwenye hela ya kahawa, au mwenye mtoto aliyetulia mjini. Ila lilikuwa na sifa moja ambayo vidogo vya leo havina: haliogopi mvua. Bukoba mjini hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Masafa ya Ku, yanayotumiwa na madishi madogo, yakikutana na mvua nzito yanakatika, na kawaida yanakatika kipindi cha pili.

Sasa tuje kwa mtu mwenyewe wa hadithi hii: fundi. Jina lake halipo kwenye kitabu chochote. Kabla ya vipimo, kipimo chake kilikuwa televisheni yenyewe. Inabebwa mpaka nje, inaunganishwa na jenereta, halafu kijana anasimamishwa mbele ya kioo. Fundi juu: "Imekuja?" Chini: "Bado!" Anasogeza. "Imekuja?" "Ilikuja ikapita! Rudisha!" Mtaa mzima unajua mzee fulani leo anafunga dishi. Silaha yake nyingine ni dira, na timazi ya kunyoosha nguzo. Nguzo ikiinama, hesabu zote zimekufa, hata uwe nshomile wa kiwango gani.

Hesabu zenyewe si mchezo. Satelaiti iko juu ya Ikweta, umbali wa kilomita karibu 36,000. Ukikosea digrii moja tu hapo juu ya bati, kule juu umekosea zaidi ya kilomita 600.

Eutelsat W4 iliporushwa mwaka 2000 ikakaa digrii 36 Mashariki, madishi madogo ya DStv yakapata nyumba mpya angani. Mstari wa digrii 36 unapita karibu na Dodoma. Kwa hiyo mtu wa Dar anaitafuta satelaiti hiyo upande wa kaskazini, ikiegemea magharibi. Mtu wa Izimbya anaitafuta upande wa mashariki, ikiegemea kaskazini, na iko karibu utosini, kama digrii 84 kutoka usawa wa ardhi. Fundi aliyejifunzia Kariakoo akija Kagera na mazoea yake atazunguka juu ya bati mpaka jua lizame.

Mwaka 2013 Azam TV ikaingia kwa digrii 7 Mashariki, na ikaja na Ligi Kuu ya Bara. Hapo ndipo vibanda umiza na sebule za kawaida vikataka dishi, maana Kagera Sugar ikicheza Kaitaba unaiona ukiwa kijijini. Dishi likageuka magharibi. Dar linainuliwa kama digrii 52, Izimbya kama 61. Tena dishi dogo linadanganya macho: LNB yake haikai katikati, hivyo linaonekana limeinama kuliko linakoangalia kweli.

Na hapa ndipo pesa za watu zilipopotea. Kipima mawimbi cha bei ya chini, ambacho mafundi wanakiita fainda, kile chenye mshale na mlio, kinapima nguvu ya mawimbi tu. Hakijui mawimbi ni ya nani. Jirani wa digrii 7 wapo, kuna satelaiti digrii 5 na nyingine digrii 10. Fainda inalia kwa furaha, fundi anakaza nati, kioo kinaandika hakuna mawimbi. Familia imeshalipa dishi, king'amuzi, nauli ya fundi na kifurushi cha mwezi, na mechi ni saa kumi. Fundi anaitwa tapeli. Mimi kwa hili nasimama na fundi: wengi hawakuwa matapeli, walikuwa na kifaa kisichojua kusoma.

Kipima cha kidijitali kinasoma. Unakiingizia masafa ya chaneli unayoitaka, nacho kinakujibu kama ndiyo au siyo, kisha kinaonyesha ubora. Nguvu asilimia 90 na ubora sifuri maana yake umempata jirani. Ukinunua, hakikisha kinasoma DVB-S2. Kinachosoma DVB-S ya zamani peke yake hakitafunga chaneli nyingi za leo hata ukilenga sawasawa. Betri iwe ya kudumu, maana umeme wa kijijini unaujua mwenyewe. Na usishuke ubora ukianza tu kuonekana. Izungushe LNB taratibu, sogeza dishi nywele moja, upate ziada ya kula siku ya mvua.

Ardhi nayo ina zamu yake. Tetemeko la 10 Septemba 2016 lilipasua kuta Bukoba na vijiji vyake, na dishi lililofungwa ukutani linaenda na ukuta. Kwa digrii zile, ufa mdogo tu unatosha kukuondolea picha.

Siku hizi vijana wanakuja na programu ya simu janja inayoonyesha satelaiti angani kama nyota. Nzuri, itumieni. Ila dira ya simu inavurugwa na bati. Shukeni, sogeeni mbali na paa na nguzo ya chuma, pimeni mwelekeo mkiwa kwenye migomba, tafuteni alama ya mbali, mti au kilima, ndipo mpande.