Unataka Kuovakloki Simu ya Kitambo? Hivi Ndivyo Utapata Volteji Inayoshika Bila Kuua Simu

Kuna ile simu ya kitambo imelala kwa droo yako. Bado inawaka, lakini ukifungua gemu inalegi hadi unaskia kuirusha kwa ukuta. Halafu msee anakuambia unaweza kuiovakloki, yaani kuifanya prosesa ikimbie kuliko vile kampuni ilipanga. Si uongo, inawezekana. Lakini spidi ndio sehemu rahisi, unavuta tu slaida. Noma iko kwa volteji.

Tutumie Samsung Galaxy S2 kama mfano, juu ni moja ya simu zilizochezewa sana hivi. Ilitoka 2011 ikiwa na prosesa ya Exynos 4210, kor mbili, spidi ya juu megahezi 1200. Keneli za mafundi wa mtandaoni kama Siyah zilifungua hiyo spidi hadi 1600.

Volteji inafanya nini hapa?

Prosesa ni mamilioni ya swichi ndogo ndogo zinazowaka na kuzima. Ukiongeza spidi, kila swichi inapewa muda mfupi zaidi wa kubadilika. Umeme ukiwa kidogo, swichi inachelewa, hesabu inakosewa, na simu inahengi. Ukiongeza volteji swichi zinawahi, lakini moto nao unapanda.

Na unapanda vibaya. Umeme unaoliwa hufuata spidi mara volteji mara volteji tena. Tuseme umetoka 1200 kwa milivolti 1275, ukaenda 1600 kwa milivolti 1425. Spidi imeongezeka asilimia 33, lakini umeme unaoliwa na kor ikifanya kazi kabisa umeongezeka karibu asilimia 67. Hiyo ni betri yako na vidole vyako vinalipa.

Usikopi namba za mtu

Hapa ndio wengi huangukia. Unapata mtu ameandika setingi zake, unazibandika, simu inakufa kwa dakika mbili. Chipu mbili zikitoka kiwanda kimoja siku moja bado haziko sawa. Moja inaweza kushika 1400 bila kuongezewa kitu, nyingine inataka umeme zaidi hata kwa 1200. Mafundi huita hiyo bahati nasibu ya silikoni. Samsung wenyewe wanajua, ndio maana chipu hupangwa kwa makundi na kila kundi linapewa volteji yake kutoka kiwandani. Kwa hivyo namba ya msee mwingine ichukue kama fununu tu. Yako utaitafuta mwenyewe.

Kabla uguse chochote

Lazima simu iwe imeruutiwa na iwe na keneli inayokubali kubadilishwa volteji. Jua kabisa kuwa apu nyingi za benki hukataa kufunguka kwa simu iliyoruutiwa. Kama hiyo ndio simu ya biashara, ya kupokea pesa na kuongea na wateja, wacha. Fanya hii kitu na simu ya droo.

Toa picha na namba zote uweke kwingine. Si kuogopa bure: prosesa ikikosea hesabu wakati inaandika kwa memori, faili zinaharibika kimyakimya. Halafu jifunze njia ya kuokoa simu kabla uihitaji. Kwa S2, ukiwa umeizima, unashika kitufe cha kupunguza sauti, cha nyumbani na cha pawa pamoja, unaingia mahali pa kuirudishia programu ukitumia kompyuta.

Mwisho, andika kwa karatasi volteji ya kila spidi vile ilikuja. Hapo ndio nyumbani kwako.

Panda ngazi moja moja

1. Ongeza spidi hatua moja tu. Kutoka 1200 nenda 1300 au 1400, kulingana na keneli yako. Usiruke moja kwa moja hadi 1600 juu umeona ipo.

2. Anza na volteji ile ile ya 1200. Ukiwa na bahati itashika.

3. Piga mzigo. Tumia apu ya kuchosha prosesa kwa dakika 30, kor zote mbili. Kisha cheza gemu nzito. Jaribu simu ikiwa imeshapata joto, na pia ikiwa kwa chaji, juu kuna setingi zinashika simu ikiwa baridi halafu zinaanguka ikichemka.

4. Ikihengi au ikijiwasha upya, ongeza milivolti 25 kisha urudie. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha spidi, volteji na keneli pamoja, hutajua nani alikosea.

5. Ikishika mzigo, ongeza milivolti 25 zingine za usalama, halafu itumie kawaida siku mbili tatu. Dakika 30 za mtihani haziwezi kukuonyesha kila kitu.

Na tafadhali, usitie tiki pale pa kuweka setingi kila simu ikiwaka mpaka hizo siku ziishe. Bila tiki, setingi mbaya inafutika ukizima na kuwasha. Ukiweka tiki mapema, simu inaweza kuwa inawaka, inaanguka, inawaka, inaanguka, na wewe unaitazama tu.

Soma dalili

Ikianguka katikati ya gemu, volteji ya spidi ya juu ni kidogo. Ikikufa ikiwa imelala mfukoni, ukibonyeza pawa inabaki nyeusi, angalia spidi za chini kama 200 na 500. Mara nyingi ni mtu alipunguza volteji huko akitaka kuokoa betri. Apu moja ikijifunga kila saa bila sababu, usilaumu apu haraka, hiyo pia inaweza kuwa volteji iko pembeni kabisa.

Na kama spidi inapanda halafu inarudi chini yenyewe, simu inajipunguzia kasi juu ya joto. Kuongeza volteji hapo ni kumwagia moto petroli. Shuka.

Mahali pa kusimama

Kuna hatua utafika ambapo megahezi 100 zaidi zinadai milivolti 50 au 75. Ukiona hivyo, chipu imekuambia imechoka. Rudi hatua moja nyuma na ukae hapo.

Na kuna mchezo wa pili wasee hawaongelei sana: acha spidi ya 1200 vile ilivyo, halafu punguza volteji milivolti 25 kwa wakati ukitumia mtihani ule ule. Ikianza kuyumba, panda hatua mbili. Hutapata namba za kuringia mbogi, lakini simu itakuwa baridi, betri itasonga kidogo, na kwa gemu ndefu inaweza kushika spidi yake kuliko ile iliyopandishwa hadi inachemka.

Simu ya kwanza ikikukubali, weka ile karatasi. Ya pili itakuwa na namba zake, na utaanza tena hapo chini.