Zamu za Himoglobini: RNA Isiyounda Protini na Selimundu Morogoro

Mtoto mwenye selimundu anayezaliwa Mikese, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Morogoro, huwa buheri wa afya miezi yake ya mwanzo. Hunyonya, hunenepa, hucheka. Vidole kuvimba, maumivu ya mifupa na upungufu wa damu kwa kawaida hujitokeza anapokaribia nusu mwaka. Lakini kasoro yenyewe, herufi moja iliyobadilika katika jeni ya kromosomu ya 11, ilikuwamo tangu yai liliporutubishwa. Ilikuwa ikingoja nini?

Ilikuwa ikingoja zamu yake. Katika wiki za mwanzo za ujauzito, kifuko cha kiiniyai hutengeneza himoglobini ya kiinitete. Baadaye ini hupokea kazi na kutoa himoglobini ya kijusi, na mtoto anapokaribia kuzaliwa, uboho wa mifupa huzidi kutoa ile ya utu uzima. Himoglobini ya kijusi haina mnyororo wenye kasoro. Ikiwapo kwa wingi, chembe nyekundu hazijikunji kama mundu; inapopungua baada ya kuzaliwa, ndipo kasoro hujitokeza.

Nani hupanga zamu hizo? Sehemu ya DNA inayounda protini ni takriban asilimia 2 tu, na kwa miaka mingi wanabiolojia hawakuitazama sana sehemu iliyobaki, ambamo vidhibiti vingi vya jeni vimo. Zamu za jeni huanza mapema: mwaka 1988 Peter Braude na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba kiinitete cha binadamu huanza kuwasha jeni zake kikiwa na seli 4 hadi 8. Kabla ya hapo huishi kwa RNA (nakala za jeni) zilizoachwa na mama ndani ya yai. Katika seli changa za namna hiyo, protini za jamii ya LIN28 huizuia let-7, RNA yenye herufi 22 hivi. Let-7 haiundi protini yoyote. Kazi yake ni kujibandika kwenye RNA za jeni nyingine na kuzinyamazisha. Ilielezwa mwaka 2000 na maabara ya mwanabiolojia Gary Ruvkun katika mnyoo mdogo, na mwaka uleule ikaonekana kwa binadamu, herufi kwa herufi.

Seli zinapokomaa, LIN28 hupungua na let-7 huongezeka. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani waliongeza LIN28B katika seli za damu za watu wazima, na himoglobini ya kijusi ikapanda tena. Kuikandamiza let-7 kulileta matokeo hayohayo.

Hapo wengi wakaivika let-7 taji. Ni mapema mno. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba LIN28B huzuia moja kwa moja utengenezaji wa BCL11A, protini inayozima himoglobini ya kijusi, bila kupitia let-7. RNA hizi ndogo ni washiriki katika baraza kubwa. Anayezitaja peke yake anapotosha.

Ushahidi wa Tanzania unaelekea hukohuko. Mwaka 2014 Siana Mtatiro, Julie Makani na wenzao walichunguza vinasaba vya wagonjwa wa selimundu wa hospitali ya Muhimbili. Tofauti za kiwango cha himoglobini ya kijusi zilihusiana na kidhibiti cha jeni ya BCL11A na eneo lililo kati ya jeni HBS1L na MYB. Hizo ni sehemu za udhibiti, haziundi protini.

Casgevy, tiba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, hukata kidhibiti hichohicho cha BCL11A. Bei yake Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2. Haitafika Mikese kwa bei hiyo, na dawa itokanayo na let-7 haijapatikana. Lakini dawa ya haidroksiyurea ipo. Huongeza himoglobini ya kijusi, na jaribio lililofanyika Kenya, Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Angola lilionyesha kwamba hupunguza maumivu, malaria na vifo vya watoto. Wizara na halmashauri zianzie hapo: tone la damu kutoka kisigino cha mtoto lipimwe kabla mama hajaruhusiwa kurudi nyumbani, na dawa hiyo ipatikane hadi vituo vya afya vya vijijini.