Mafua ya ndege: kuku na bata wasilale pamoja

Hapa Kalemie familia nyingi ziko na kuku watano ao kumi ndani ya lupango, na bata wawili watatu juu yake. Asubuhi bata wanashuka Lukuga ao ziwani, mangaribi wanarudi kulala na kuku. Hatari iko hapo.

Virusi vya mafua ya ndege vinakaa ndani ya ndege wa mwitu wa majini. Bata anaweza kuvibeba bila kuonyesha kitu: anakula, anatembea, lakini mavi yake yanaviacha pale kuku wanadonoa.

Kongo imekwisha kuviona. Januari 2017 Uganda ilitangaza vifo vya ndege wa mwitu kwenye Ziwa Victoria, upande wa Entebbe. Mwaka ule ule, aina ya H5N8 iliua bata na kuku kule Ituri, kandokando ya Ziwa Albert, sawa Joo na Tchomia.

Kama hauna pesa ya kujenga banda, tenga tu. Bata wakae upande wao, na chombo chao cha maji. Kuku wapewe maji ya robine ao ya kisima, siyo ya Lukuga. Kuku wa kununua sokoni akae peke yake wiki mbili kwanza.

Dalili: kichwa kuvimba, ile nyama nyekundu ya kichwani kugeuka rangi ya bluu, vifo vya ghafula. Pseudo-peste inafanana nayo sana, kwa macho tu huwezi kuzitenganisha. Chanjo yake haizuii mafua ya ndege, lakini kama ulichanja na kuku wanakufa bado, usinyamaze.

Pagumu ni siku ya kwanza. Kuku akilegea, mama anawaza: nimuuze mbele afe, nipate walau pesa ya masomo. Tunaelewa. Lakini kuku huyo ndiye anapeleka ugonjwa avenue ingine. Kumchinja vilevile: moto wa sufuria unaua virusi, ila mikono inamchinja na kumnyonyoa mbele ya moto.

Waliokufa usiwashike mikono mitupu, vaa hata mfuko wa plastiki. Zika ndani ya shimo refu, mbali na kisima, tia chokaa. Usitupe ziwani. Julisha shefu wa kartie ao veterinere wa serikali siku ile ile. Na mtu akipata homa na kikohozi kisha kushika kuku hao, aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba aliwashika.